Tutaliangalia, Mzee

Nilianza kwa kuona taulo. Lilikuwa limetundikwa kwenye kitasa cha mlango wa bafu, limekunjwa vizuri, linadondosha maji juu ya zulia. Kwenye meli ile kila bafu lina ndoano ya taulo. Nilikuwa nimezoea kulikuta taulo kwenye ndoano, au sakafuni kwa wageni wasiojali, au juu ya kitanda kwa wale wasiojali kabisa. Kwenye kitasa sikuwahi kulikuta. Nikalitundika kwenye ndoano. Kesho yake lilikuwa kwenye kitasa tena. Ndipo nikaitazama ndoano, nikainua mkono kuifikia, nikaelewa.

Chumba kile kilikuwa na alama ya kiti cha magurudumu mlangoni. Mlango wake ulikuwa mpana kuliko ya vyumba vingine, na kando ya choo palikuwa na chuma cha kujishikia. Nadhani waliokijenga walimfikiria mtu mwenye kiti mpaka alipovuka mlango, kisha wakachoka kumfikiria. Kioo kilikuwa juu, kilimwonyesha paji la uso tu. Nguo kabatini zilining'inia mahali ambapo hata mimi nilizifikia kwa kusimamia vidole vya miguu. Nikaenda kwa fundi wa meli, nikamwomba ndoano ya kubandika, nikaibandika chini, usawa wa kiuno changu.

Jioni mgeni wa chumba kile alinisubiri. Alikuwa mzee mwembamba, shati limenyooshwa, kiti kimeelekezwa mlangoni kama mwenye ofisi.

"Ni wewe uliyeleta ndoano?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nilidhani ni malaika. Kumbe malaika mwenyewe ana ufagio."

Nikaanza kunyoosha shuka lililokuwa limekwisha kunyooka. Wenzangu kazini waliniita Kimya. Msimamizi wetu, ambaye sisi tulimwita Bi Pasi kwa sababu sare yake haikuwahi kuonekana na kunyanzi, alizoea kusema, "Huyu Kimya hata nyumba ikiungua, atakuja kuninong'oneza." Lakini mzee yule hakuhitaji mtu wa kumjibu. Alihitaji mtu wa kusikiliza, na hiyo ndiyo kazi pekee ninayoijua bila kufundishwa.

Alikuwa fundi cherehani. Miguu yake ilivunjwa na lori lililopoteza breki likaingia dukani kwake.

"Watu wengine hugongwa barabarani," alisema. "Mimi nilifuatwa kazini."

Hakuja melini kutalii. Kila siku nilipoingia na mashuka alinieleza kidogo, mpaka nikaijua safari yake yote. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, akalelewa na dada yake mkubwa. Dada ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akaanza kuona aibu mbele ya wenzake. Kisha dada akaolewa mbali, mji mdogo wa pwani, na maisha yakapita. Tangu ajali ya lori walikuwa hawajaonana. Sasa dada alikuwa mzee sana. Masikio yalikuwa yamekufa, miguu imevimba kwa ugonjwa wa moyo, na daktari alimkataza safari ya aina yoyote.

"Tumebaki wawili tu," mzee alisema. "Mmoja hasikii, mwingine hatembei. Ukituunganisha unapata mtu mmoja mzima."

Wanawe walikuwa wamejaribu mabasi, lakini mabasi hayana mahali pa kiti. Ndipo wakaona tangazo la meli yetu, na picha ya kiti cha magurudumu chini ya tangazo. Meli ilikuwa inapita mji wa dada. Wakamlipia, wakamsindikiza hadi bandarini, wakampungia mkono. Alikuja kumwona dada yake. Dansi, bwawa la kuogelea na michezo ya usiku havikumhusu.

Nieleze jambo moja kuhusu kazi yetu. Kabla hujapewa sare unapewa mafunzo, na somo la kwanza la mafunzo ni kwamba kwa mgeni hakuna hapana. Mwalimu alitusimamisha mstari akawa anatuuliza maswali.

"Mgeni akitaka chumba cha upande wa pili, na hakipo?"

"Tutaliangalia."

"Mgeni akitaka mvua isinyeshe?"

"Tutaliangalia."

Tulicheka sana siku ile. Neno lenyewe ni jepesi, unalitamka huku unatabasamu, na mgeni anaondoka ameridhika. Aliyelijua kuliko wote ni kijana wa mezani, huduma kwa wateja, tuliyemwita Tabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa kijana mwenye adabu ambaye hajawahi kumkasirisha mtu.

Siku moja kabla ya mji wa dada, meli ilifunga gatini kwenye bandari kubwa. Daraja la kushukia lilikuwa pana, limelala vizuri, hata pipa lingeshuka lenyewe. Mzee aliniomba nimsukume hadi mezani kwa Tabasamu.

"Kijana wangu, nina swali moja tu, na nataka jibu fupi."

"Karibu sana, mzee wangu. Uko kwa watu wako."

"Nimesikia kesho meli haifiki gatini. Inatia nanga mbali, na watu wanapelekwa mjini kwa boti."

"Ndivyo, mzee. Ni mwendo mdogo tu, upepo mzuri, utafurahi."

"Mimi na hiki kiti tutapanda hiyo boti?"

Tabasamu akakitazama kiti, kisha akatazama kompyuta yake, kama jibu lingetoka huko.

"Tutaliangalia, mzee."

"Sikukuuliza kama mna macho," mzee alisema, lakini kwa upole. "Nisikilize. Kama ni hapana, niambie leo. Hapa tulipo naweza kushuka kwa magurudumu yangu mwenyewe. Nitakodi gari, jioni nitakuwa kwa dada yangu, na safari yenu iliyobaki nawaachia. Sitakasirika, wala sitamsema mtu. Niambie tu."

"Mzee wangu, wewe ni mgeni wetu wa heshima. Kwa nini ujisumbue na barabara na vumbi? Usiwe na wasiwasi kabisa."

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Tutaliangalia vizuri sana."

Mzee akageuza shingo akanitazama mimi. Nilikuwa mgeni kazini, sijawahi kuona boti zikipakia watu, na nilipolelewa mimi mtu akikwambia usiwe na wasiwasi, amekwisha kukukubalia. Nikatabasamu. Naye akatabasamu.

"Basi twende zetu," alisema. "Wenye meli wamesema."

Jioni ile, kabla meli haijaondoka gatini, alimpigia simu mkwe wa dada yake, akamwambia kesho. Akaniomba nimnyooshee shati jeupe. Akaniuliza kama kola imekaa sawa, na kwa kuwa alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, niliona ananitania.

Asubuhi tuliamka mji ukiwa mbele yetu, mdogo, mabati yake yakimeta. Bahari haikuwa na hasira. Ubavu wa meli ulifunguliwa, na kutoka pale zilishuka ngazi nyembamba za chuma hadi kwenye jukwaa dogo, na boti ilisimama kando ya jukwaa ikipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Wageni walipanga mstari na kofia zao. Mzee alikuwa wa mbele kabisa, maana alifika kabla ya wote. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti.

Mkuu wa boti alikuwa jitu la kifua kipana, mikono imejaa grisi. Alikitazama kiti mara moja.

"Hiki hakishuki."

Nilishtuka. Tangu nianze kazi kwenye meli ile sikuwahi kumsikia mtu akimwambia mgeni hivyo.

"Nani alikwambia kitashuka, mzee?"

"Hakuna aliyesema kitashuka," mzee alijibu. "Na hakuna aliyesema hakitashuka."

"Ngazi unaziona. Na pale chini, boti ikipanda, jukwaa linashuka. Kiti kinahitaji mahali palipotulia."

"Basi kiacheni kiti. Nibebeni mimi. Uzito wangu haufiki wa cherehani."

"Kumbeba mtu ni marufuku, mzee wangu. Ukiponyoka pale katikati, atakayeulizwa ni mimi."

"Na mimi je, sitaulizwa? Kule ninasubiriwa."

Mkuu wa boti akafuta mikono kwenye suruali. Hakuwa na tabasamu, na uso wake ulionyesha kwamba jambo lile linamuuma.

"Jana tulikuwa gatini," alisema. "Ungeniuliza mimi jana, ningekwambia jana."

"Wewe walikuweka wapi?"

"Chini, kwenye mashine."

"Ndiyo maana," mzee alisema.

Nyuma yetu mama mmoja alisema jamani tunachelewa. Mwingine, mwenye roho nzuri, aliinama akamshika mzee bega.

"Pole, baba. Hata hivyo huko hakuna cha kuona. Ni mji mdogo tu."

"Nami natafuta mtu mdogo tu," alimjibu. Kisha akaniambia, "Nisogeze pembeni, binti. Nisiwazibie wenzangu."

Nikamsogeza. Wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akimpa pole, na yeye akimjibu kila mmoja ahsante, mpaka boti ikajaa ikaondoka.

Tabasamu alikuja chumbani baadaye na kikapu cha matunda kilichofungwa utepe. Alikiweka juu ya kabati, kwa kuwa mezani palikuwa na dawa za mzee. Alisema meli inasikitika sana. Alisema wamemwandalia huduma ya kukandwa mwili bila malipo, kuanzia mabega hadi miguu.

"Miguu itashukuru," mzee alisema, "ikipata habari."

Tabasamu alicheka kidogo, akaona hapacheki mtu mwingine, akaacha. Mlangoni alinivuta kando. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Amekasirika?"

Nikatikisa kichwa.

"Unajua sikumdanganya, Kimya. Fikiria kila neno nililomwambia. Hakuna la uongo hata moja."

Ni kweli. Nilifikiria kila neno, na hakukuwa na la uongo.

Mchana ule ilikuwa zamu yangu ya kushuka. Nilitaka kukanyaga ardhi tu, hata bila kununua kitu. Mzee akaniita.

"Binti, nina kazi ya kukutuma, na ukikataa sitakulaumu. Mkwe nimekwisha kumpigia. Lakini yuko kazini, na dada yangu simu haisikii, anasema watu siku hizi wanaongea kama nyuki. Halafu habari ya namna hii haipelekwi na simu. Simu haina uso."

Akanielekeza. Ni nyuma ya shule, nyumba ya kona.

"Usiniombee huruma," alisema. "Mwambie boti ndiyo iliyokataa. Mimi sikukataa."

Nilipanda boti kwa hatua moja. Mguu mmoja jukwaani, mmoja botini, basi. Nilikaa nikaionea aibu miguu yangu.

Nyumba niliipata bila shida. Ilikuwa ndogo, ukuta umepakwa chokaa upya, na mbele yake palinishangaza. Mlangoni palikuwa na alama za ngazi zilizovunjwa, na mahali pake pamemiminwa saruji mpya, mteremko mrefu ulioanzia kizingitini ukalala polepole hadi njiani. Ulikuwa umefunikwa magunia yenye unyevu. Chini yake wameweka benchi, kuziba njia. Nilipokaribia, mwanamke alitokeza kichwa dirishani.

"Zunguka, mwanangu, pita jikoni. Hapo mbele hapapitwi."

Alikuwa binti wa dada. Aliponiona na sare ya meli alitazama nyuma yangu, akatafuta, kisha akaacha kutafuta. Alikwisha kusikia kwa mumewe. Lakini mama, alisema, hawajamwambia. Walishindwa.

Dada mtu alikuwa sebuleni, mdogo kama mtoto kwenye kiti kikubwa, amevaa nguo ya kutokea. Nikapiga magoti nikamwamkia. Hakusikia. Alinishika mkono akaona sare.

"Amekuja?"

"Hapana, bibi."

"Eh?"

"Hapana."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Amekuja?"

Mimi ninayenong'ona hata sokoni. Nilivuta pumzi, nikapiga kelele ambayo majirani walisikia, kuku wakakimbia uani.

"HAPANA!"

Hakulia. Aliendelea kunishika mkono, akiupapasa kama mtu anayetafuta mshono. Nikamweleza kwa sauti ile ile kubwa, kwamba boti ndiyo iliyokataa, kwamba kaka yake alikuwa wa kwanza kwenye mstari, amevaa shati jeupe. Nilimuuliza binti yake kama tungeweza kumpeleka bibi hata ufukweni, boti zinapofikia. Binti yake akasema miguu haimfikishi hata barabarani, na juu ya meli watu wa nje hawapandi. Hilo nililijua.

"Anakula?" bibi aliuliza.

"ANAKULA."

"Bado mbishi?"

"BADO."

Akacheka kidogo, mdomo umefungwa. Kisha akanionyesha mlango wa mbele.

"Umeona kazi ya mkwe wangu? Yeye ni mwashi. Siku aliposikia kaka anakuja, alizivunja ngazi jioni ile ile. Magunia nayamwagia maji mimi, kwa kikombe, nikishikilia ukuta. Kila mtu anazungukia jikoni. Hata daktari nilimzungusha. Nilisema gurudumu la kaka yangu ndilo litakalopita kwanza." Akanivuta karibu. "Tulimficha, tulitaka aone mwenyewe. Watu wangu nimewakataza wasimwambie kwenye simu. Wewe umeona kwa macho yako. Ukiona inafaa, mwambie."

Wakati wa kuondoka, binti yake aliniambia nikatize hapo mbele, kwani sasa kuna haja gani. Sikuweza. Nilizungukia jikoni.

Mzee nilimkuta sitahani, ameuelekea mji. Nilichuchumaa kando ya kiti.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Alilia?"

"Hakulia. Ameuliza kama unakula."

"Nilijua."

"Na kama bado mbishi."

Hapo ndipo alipolia, huku anacheka, akijifuta kwa mkono wa lile shati jeupe. Nilingoja. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima ndani ya boti, nimeyapanga kama mashuka, hili juu ya lile. Lakini akatangulia yeye.

"Nyumba ile naijua," alisema. "Siku ya harusi yake mimi ndiye niliyebeba sanduku lake. Ina ngazi mlangoni, ndefu, mbaya. Nilikuwa nawaza hapa. Hata wangenishusha, ningefika mlangoni nikakwama. Ningebaki njiani, majirani wananitazama, wanaume wananibeba kama gunia mbele ya dada yangu. Labda Mungu ameniepusha aibu."

Akanitazama. Uso wake, uliokuwa umekazana tangu asubuhi, ulikuwa umepata mahali pa kulala. Mimi nikautazama mji. Nilikaa kimya, kama kawaida yangu, naye akadhani ninakubali.

"Basi ndivyo," alisema, akapiga mkono wa kiti taratibu.

Meli iligeuza. Mwisho wa safari wanawe walimpokea, wakamuuliza ilikuwaje, akawaambia chakula kilikuwa kingi. Sikumwona tena. Mgeni akishuka haachi njia ya kumfuata.

Mji ule bado tunaupita. Zamu yangu ya kwanza iliyofuata nilikwenda kumsalimu bibi. Saruji ilikuwa imekauka zamani, magunia yameondolewa, lakini benchi lilikuwa pale pale chini, na watoto wa nyumba walikuwa wakikimbia kuzungukia jikoni bila hata kufikiri. Bibi aliniuliza kama nilimwambia kaka yake. Nikatikisa kichwa.

"Vizuri," alisema. Mpaka leo sijui alimaanisha vizuri ya namna gani.

Mzee wangu, popote ulipo. Ngazi hazikuwepo. Walikwisha kuzivunja. Palikuwa na mteremko, laini, mpana wa kukupitisha wewe na kiti chako, na chini yake benchi ili mtu mwingine yeyote asitangulie. Ungeingia mwenyewe, bila mtu kukugusa, ungemkuta amekaa anautazama mlango.